Namna ya Kumzika Kiroboto kwa Heshima

Mtu mwenye akili timamu akikamata kiroboto humsaga baina ya kucha mbili, akasikia ule mlio mdogo wa "ta!", akanawa mikono, akaendelea na maisha yake. Mwongozo huu haumhusu. Huu ni wa mwenzangu na mimi, yule aliyemshika kiroboto akajisemea: huyu simwachi. Nitamsafisha tumbo, nitamkausha, nitamlaza kwa ubavu baina ya vioo viwili ndani ya utomvu wa mti, na vitukuu wangu watamkuta vilevile, miguu sita, kila unywele mahali pake.

Kama wazo hilo halijapata kukujia, nenda jikoni, chakula kinaungua. Kama limekujia, vuta kiti. Utakaa sana.

Kwanza tuwajibu watakaokucheka nyumbani. Viroboto hawafanani. Mwaka 1903 Charles Rothschild, mtoto wa ukoo wa mabenki wa London aliyependa viroboto kuliko hundi, alimtangaza duniani kiroboto wa panya aliyepatikana Shendi, Sudani, akamwita *Pulex cheopis*, kwa jina la Farao Cheops wa piramidi; leo anaitwa *Xenopsylla cheopis*. Huyo ndiye msambazaji mashuhuri wa tauni. Wilayani Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20, kuuliza "huyu ni kiroboto gani?" hakukuwa mchezo wa watu wasio na kazi. Na jibu lenyewe liko tumboni: jike ana kifuko cha kutunzia mbegu za dume, kidogo kuliko punje ya chumvi, na umbo la kifuko hicho ndilo litakaloamua kama umeshika cheopis au ndugu yake. Hulioni kwa kumsaga.

Sasa, kwa nini utomvu? Kwa nini usimweke tu juu ya kioo ukamtazama? Jibu umeshalishika mkononi mara nyingi. Nunua bajia kwa mama wa kona, zile anazofungia kwenye kipande cha gazeti, kisha ngoja dakika tano. Pale palipolowa mafuta utaanza kusoma habari za upande wa pili: tanzia, matokeo ya mpira, nusu ya tangazo la zabuni. Karatasi haikupungua unene. Nyuzi zake zilikuwa zimezungukwa na hewa, na kila mwanga ulipotoka kwenye hewa kuingia kwenye uzi ulipinda, ukatawanyika, ukapotea. Mafuta yakaifukuza hewa. Na kwa kuwa mafuta na nyuzi hupinda mwanga karibu sawasawa, mwanga ukapita bila kujikwaa.

Wanafizikia wana namba ya jambo hilo. Hewa ni 1, maji ni 1.33, kioo cha slaidi ni kama 1.52. Balsamu ya Kanada ni kama 1.53. Maana yake, ukimlaza kiroboto ndani ya balsamu baina ya vioo viwili, mwanga huona kitu kimoja kutoka chini hadi juu, isipokuwa kiroboto mwenyewe. Balsamu ya Kanada ni mafuta ya bajia yaliyosoma.

Jina lake ni la uongo, tuliseme mapema. Wakemia wanakataa kuiita balsamu, kwa sababu haina zile asidi zinazoipa balsamu haki ya kuitwa balsamu. Wao huiweka kundi moja na tapentaini. Hutoka kwenye *Abies balsamea*, mti wa misitu ya baridi ya Quebec na jirani zake, ambao wenyeji huukata pia wakaupamba sebuleni wakati wa Krismasi. Gome lake hutoa malengelenge. Mvunaji hupita na kikopo chenye mdomo mkali, anatoboa lengelenge moja, anapata matone, anahamia jingine. Wenye hadubini wa London waliianza miaka ya 1830, na slaidi za zama za Malkia Victoria bado zinatazamika leo. Mpaka hapo umeshaelewa kwa nini ni ghali. Umeshaelewa pia kwa nini, ukienda stoo kuiomba, mtunza stoo atakwambia imeagizwa.

Imeagizwa. Neno hilo lichukue kama lilivyo, usiulize lini.

Hapo ndipo ujanja wetu wa pwani unapoamka. Kwani utomvu ni wa Wakanada peke yao? Nami nilikuwa na kitabu cha zamani kinachoeleza Euparal, dawa ya kufungia slaidi iliyobuniwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, na miongoni mwa vilivyomo nikaona neno "sandarac". Nikacheka peke yangu. Sandarusi! Si mali yetu hii? Si ndiyo iliyokuwa ikichimbwa Mrima, chini ya ardhi, mabaki ya miti iliyokwisha kufa zamani, ikavushwa Unguja kuoshwa na kuuzwa? Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiisomba tangu kabla konseli wao wa kwanza hajatia mguu Unguja mwaka 1837, ikaenda kuwa vanishi ya magari ya farasi. Richard Burton, aliyepita pwani hii mwaka 1857, aliandika kwamba watu walitofautisha ile ya kuchimbwa, ndiyo sandarusi yenyewe, na ile mbichi inayoitwa chakazi. Wafanyabiashara wa Kiingereza wakasikia "chakazi", wakaigeuza kuwa neno lao la punda dume, na utomvu huo, ambao wao huuita kopali, ndivyo ulivyoingia kwenye madaftari: kopali ya punda.

Basi nikashuka sokoni, kwa mama muuza ubani.

"Shikamoo mama. Sandarusi ipo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo. Ya kufukizia?"

"Hapana mama. Nataka kuzikia kiroboto."

Alinitazama kwa muda. Akanipimia, akafunga, kisha akachota na ubani kidogo akanitilia juu bila kunitoza. "Huu," akasema kwa sauti ya chini, "ufukize chumbani kabla hujalala. Siku tatu."

Nyumbani nikakiinua kipande kikubwa kwenye taa. Rangi ya asali, na katikati yake sisimizi, mzima, papasi zake zimeelekea mbele kama anasikiliza redio. Nilipaswa kuelewa hapo hapo. Mti ulikuwa umeshanitangulia katika kazi hii, bila kibanio wala cheti. Lakini mimi nikakitwanga kile kingine, nikakitia kwenye spiriti, nikatikisa. Siku ya kwanza: mchanga. Wiki ya pili: mchanga uliovimba.

"Sandarac" ya Ulaya si sandarusi yetu. Ile hutoka kwenye mti wa jamii ya mivinje ya Moroko, *Tetraclinis articulata*, na huyeyuka kwenye spiriti bila ubishi. Yetu ni ya mnangu, *Hymenaea verrucosa*, jamaa wa mkwaju, na ile ya kuchimbwa ni ngumu kupita kopali karibu zote: watengeneza vanishi ilibidi kwanza waipike kwa moto wa kama nyuzi 300 ndipo ikubali kuchanganyika na mafuta. Neno lilianza kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu, likafika kwetu. Mti ulibaki Moroko. Kwa hiyo, mwenzangu, ukitaka kupoteza wiki mbili kwa sababu ya kamusi, fuata nyayo zangu. Ubani nilifukiza. Kidogo ulisaidia.

Ukishashindwa na sandarusi, shetani atakuletea gundi.

Sisi huita utomvu kila kinachotoka mtini na kunata, na hapo ndipo wengi huangukia. Gundi ya mgunga ni jamaa wa sukari: inayeyuka kwenye maji. Sandarusi, ubani na balsamu ya Kanada zina kitu ndani yake ambacho maji hayakiwezi asilani. Zinataka spiriti, tapentaini au zailini, ila sandarusi yetu hutaka moto kwanza. Gundi nzuri kuliko zote hutoka kwenye *Acacia senegal*, mti mfupi wa nchi kavu wenye miiba ya ndoana, ambao wengine huuita kikwata. Sudani ndiyo yenye soko, hasa Kordofan. Kenya huvunwa Turkana, Samburu na Isiolo. Kama leo umekunywa soda, huenda umeinywa.

Fomula inayopendwa ni ya Hoyer: maji mililita 50, gundi gramu 30, klorali haidreti gramu 200, gliserini mililita 20. Uzuri wake ni kwamba kiroboto anatoka kwenye maji anaingia kaburini moja kwa moja, hakuna kukaushwa, hakuna zailini ya kukuumiza kichwa. Kwa mvivu ni pepo. Ubaya wake unaanza dukani, maana klorali ni dawa ya usingizi ya karne ya 19, na ukimwambia mfamasia unataka gramu 200 atataka kujua unamlaza nani. Unaendelea nyumbani. Gundi inavuta unyevu, na wewe unaishi pwani, ambako hata chumvi ya mezani hulia. Itabidi uzungushe rangi ya kucha pembezoni mwa kioo cha kufunikia ili kuziba. Huo si mzaha, ndivyo wanavyofanya hata wakubwa wa fani. Chupa ya dada yangu, nyekundu, iliisha kwa slaidi 12, na mpaka leo akija kwangu hukagua kabati. Baada ya miaka, pasipozibwa vizuri, gundi hutoa fuwele au hugeuka nyeusi. Wale wa makumbusho wanaotunza slaidi za watu waliokufa wanaijua sana kazi ya Hoyer, na hawaitaji kwa upole.

Halafu kuna DPX, ambayo ndiyo maabara nyingi zinatumia siku hizi. Ni plastiki iliyoyeyushwa kwenye zailini, ya tangu 1939, haigeuki manjano na inakauka upesi. Haina mti. Sina la kuiongezea, ila kwamba hupungua ikikauka na kuacha vidole vya hewa vinavyoingia kutoka pembeni, na mtu mzima anayeona vidole hivyo vikimsogelea kiroboto wake hulala vibaya.

Siku moja chupa ya balsamu itafika. Mililita 25, nzito kama asali, harufu ya seremala anayeranda msonobari. Sasa tunazika.

Josho ni la potasi kali, asilimia 10, usiku mmoja. Inayeyusha nyama yote ya ndani na kuacha gamba, ambalo ndilo tunalolitaka. Usiku mmoja, nimesema. Mimi nilimtia Alhamisi jioni, mwezi ukaandama, watu tukala Idi, nikarudi kazini Jumatatu. Kiroboto alikuwepo, ila rangi yote ilikuwa imekwenda. Amebaki kama tamko la serikali, umbo tu. Nikasema si kitu, nikamfikisha mpaka kwenye balsamu. Akatoweka. Kumbuka zile namba: gamba la mdudu lisilo na rangi hupinda mwanga karibu sawa na balsamu, na kitu kisichopishana na jirani yake kwa rangi wala kwa mpindo hakionekani. Slaidi hiyo ninayo bado. Kila anayeitazama anaisifu kwa usafi.

Baada ya josho, suuza kwa maji, kisha anza kumtoa maji yale yale. Spiriti ya asilimia 50, halafu 70, halafu 90, halafu tupu, nusu saa kila kituo. Hapa wenye haraka huruka kituo. Waache. Tone moja la maji lililobaki tumboni mwa kiroboto likikutana na balsamu hugeuka jeupe kama tui, na slaidi yako itakuwa mchuzi wa kiroboto wa nazi. Na hiyo spiriti inayoitwa tupu, ukiacha kizibo wazi mchana mmoja wa masika, si tupu tena. Imekunywa hewa ya bahari.

Kituo cha mwisho kabla ya kaburi ni kumpitisha kwenye mafuta yanayopatana na spiriti upande huu na balsamu upande ule. Vitabu vitakwambia zailini. Mimi nakwambia karafuu. Mafuta ya karafuu yamo kwenye vitabu vya hadubini tangu karne ya 19, na yana fadhila mbili: yanapinda mwanga karibu sawa na balsamu yenyewe, kama 1.53, na yanasamehe unyevu kidogo ambao zailini haisamehi. Ndipo kiwanda cha mafuta ya karafuu cha Chake Chake kinapokutana na misitu ya Quebec juu ya mgongo wa kiroboto wa Lushoto. Ubaya wake ni kwamba ukimwacha humo muda mrefu anakauka kama dagaa, ukimgusa mguu unabaki kwenye sindano. Ubaya wa pili ni harufu. Maabara nzima itanukia pilau, watu wa uhasibu watachungulia mlangoni kuuliza kama kuna shughuli, na kabla ya saa nane atakuja mtu anayeumwa jino. Mpe kwenye pamba. Usimpe kwenye kile kikombe chenye kiroboto.

Kumlaza kwenyewe nilifundishwa na mzee mmoja, fundi sanifu mstaafu, ambaye alikuwa akija ofisini kwetu kusoma magazeti. Alinisimamia nyuma.

"Mwanangu, unapaka siagi?"

"Hapana mzee."

"Mbona unatandaza? Tone moja. Kama punje ya choroko. Mlaze humo kwanza, mnyooshe miguu kwa sindano, halafu mwache alale usiku kucha bila kifuniko. Kesho ndiyo umfunike."

Ana haki. Ukimfunika siku hiyo hiyo, kioo cha juu kinamsukuma, miguu inakunjamana, na ule ubavu uliomlazia kwa shida unageuka mgongo. Akishaganda kidogo, weka tone la pili, kisha teremsha kioo cha kufunikia kwa mshazari, ukingo mmoja kwanza, kwa kasi ya mtu anayefunga mlango chumba cha mtoto aliyelala. Povu litaingia. Litaingia tu. Mwenye tabia nzuri hupasha slaidi moto kidogo akaliacha lijitokee lenyewe. Mwenye tabia yangu hubonyeza, na kiroboto hukimbilia pembeni pamoja na povu, wameshikana mikono.

Kisha ni eda. Slaidi ilale chali, mahali penye joto la nyuzi 40 kama unapo, kwa wiki kadhaa. Bila joto hesabu miezi. Katika kipindi hiki atatokea mkubwa. Sitamtaja, wala ofisi sitaitaja. Kwako yuko wa kwako. Atasema kuna wageni wanakuja Ijumaa, na ile slaidi ya kiroboto ingependeza. Utamweleza habari ya eda. Atakwambia, "Inaonekana imekauka." Wageni walipokuja kwetu, mmoja wao, mtu mpole tu, aliinyanyua slaidi akaisimamisha wima dirishani ili aione vizuri. Kioo cha kufunikia kikaanza safari. Kiroboto naye akateremka nacho taratibu, bila papara, mpaka ukingoni, akatua kwenye kidole gumba cha mgeni. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza tangu afe.

Ukivuka eda salama, umemaliza. Balsamu itabadilika polepole, baada ya miongo itakuwa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Ina asidi kidogo, hivyo inafifisha baadhi ya rangi za maabara, lakini kiroboto hakupakwa rangi, ana ya kwake. Mkusanyo wa viroboto wa Rothschild upo mpaka leo Natural History Museum ya London.

Limebaki la jina. Kiroboto safi asiye na maandishi ni uchafu uliotunzwa vizuri. Andika spishi, jike au dume, panya gani alimbeba, kijiji gani, tarehe, nani alimkamata. Na andika amezikwa ndani ya nini, balsamu au gundi au DPX, kwa sababu yuko mtu, hajazaliwa bado, atakayetaka kumfukua na kumzika upya, na ni lazima ajue atumie zailini au maji ya uvuguvugu.

Andika kwa penseli. Wino wa kalamu zailini huufuta.